Kuchemsha kwa Motokaa ya Turbo katika Nchi ya Juu

Mtaa wa Loresho umejengwa juu ya mgongo wa ardhi upande wa magharibi wa Nairobi, katikati ya barabara ya Waiyaki Way na ile ya Lower Kabete, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Jioni za mwisho wa juma wenyeji wa huko husikia ngurumo nzito ambayo wengi huitambua bila ya kuchungulia dirishani. Ni Subaru Impreza yenye turbo, iliyotiwa bomba pana la moshi, ikipanda kutoka upande wa Kangemi.

Mapenzi ya vijana kwa gari hili yana asili yake. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na tangu siku hizo watu wa Kenya wamezoea kusimama kando ya njia ya vumbi na kuyatazama magari yakipita. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari kwa Impreza ya rangi ya buluu, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda kwa gari la aina hiyo hiyo. Watoto waliotazama siku hizo sasa ni watu wazima wenye mishahara, na wengine wao wamenunua Impreza zilizokwisha kutumika Japani, wakazipeleka kwa mafundi ziongezwe nguvu. Lakini gari la mashindano hutunzwa na kundi zima la mafundi wenye vipimo vya kila namna, na gari la Loresho hutunzwa na mwenyewe na fundi wake mmoja. Ndiyo sababu magari mengi ya namna hii hufia katika jambo moja, nalo ni maji ya rejeta kuchemka.

Petroli iunguapo ndani ya injini, kama theluthi moja tu ya nguvu yake ndiyo isukumayo magurudumu, na mara nyingi ni pungufu ya hapo. Iliyobaki ni joto. Sehemu yake hutoka pamoja na moshi, na sehemu nyingine kubwa huingia katika maji yazungukayo silinda, nayo maji huipeleka kwenye rejeta ili hewa iichukue. Wilhelm Maybach alibuni rejeta ya matundu mengi kama sega la nyuki kwa motokaa ya Mercedes ya mwaka 1901, na kanuni yake haijabadilika: maji ya moto hupita katika vijia vyembamba, hewa hupita katikati ya vibati vyembamba zaidi, na maji hurudi katika injini yakiwa yamepoa. Basi fundi aongezaye nguvu za injini kutoka farasi 250 hadi 350 ameongeza pia, kwa kadiri hiyo hiyo au karibu yake, joto ambalo rejeta haina budi kulitupa nje. Mara nyingi rejeta yenyewe huachwa ile ile ya zamani.

Hewa ya Nairobi si msaada kama idhaniwavyo

Watu wengi husema kwamba Nairobi ni mji wa baridi na kwa hiyo gari haliwezi kuchemsha kama lichemshavyo Mombasa. Neno hili lina ukweli nusu. Katika kimo cha Loresho uzito wa hewa iliyo juu yetu ni pungufu, na maji yaliyo wazi katika sufuria huchemka kwa digrii 94 hivi, wala si 100 kama pwani. Kila mpishi wa maharagwe aliyehama kutoka pwani kwenda bara amekwisha kuligundua jambo hili, hata kama hakuambiwa sababu yake.

Lililo muhimu zaidi ni kwamba hewa nyembamba huchukua joto kidogo. Feni ile ile, ikizunguka kwa mwendo ule ule, husukuma Nairobi hewa iliyo nyepesi kwa karibu sehemu moja katika sita kuliko ya Mombasa. Ni kweli kwamba hewa hiyo ni ya baridi zaidi, lakini mtu akifanya hesabu ya juu juu, yaani maji ya digrii 90 na hewa ya digrii 24 Nairobi, au hewa ya digrii 32 Mombasa, ataona kwamba ubaridi wa Nairobi haulipi kabisa upungufu wa hewa yake. Rejeta moja hutupa joto karibu sawa katika miji hiyo miwili, na hata ya Nairobi huenda ikawa nyuma kidogo.

Gari la kawaida lisilo na turbo haliumizwi na jambo hili, kwa kuwa injini nayo hupata hewa pungufu, huunguza petroli pungufu, na kutoa joto pungufu. Mizani hubaki sawa. Lakini kazi ya turbo ni kuishindilia hewa ndani ya injini, na fundi aongezapo msukumo wake huirudishia injini nguvu zote za pwani na zaidi. Hapo ndipo mizani inapovunjika: injini hutoa joto la mtu wa pwani, na rejeta hupumua hewa ya mlimani. Tena turbo yenyewe, kwa kuwa hewa ni nyembamba, hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kupata msukumo ule ule, na hewa iliyoshindiliwa hutoka ikiwa ya moto zaidi.

Kinachookoa ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko hiki kina springi na huzuia mvuke usitoke mpaka msukumo ufike kipimo kilichoandikwa juu yake, aghalabu karibu 0.9 hadi 1.1 bar. Kikiwa kizima, maji ya Loresho hayachemki mpaka yapite digrii 115. Mpira wake ukikauka au springi ikilegea, maji yale yale yaweza kuchemka kabla ya kufika 100, na yachemkapo hufanya mapovu juu ya vyuma vya moto, na pale penye povu hapana maji ya kuondoa joto. Kifuniko ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika mfumo huu, nacho ndicho kisahaulikacho kuliko vyote. Baadhi ya Subaru zenye turbo zina vifuniko viwili, kimoja juu ya rejeta na kingine juu ya tangi dogo lililo karibu na turbo. Vifuniko hivyo si sawa, wala havifai kubadilishwa mahali.

Gari lililotoka Naivasha

Msomaji na amfikirie kijana mmoja wa Loresho, mwenye Impreza iliyoongezwa nguvu. Mbele ya rejeta fundi ameweka kipozahewa kikubwa cha turbo, kiking'aa katikati ya bampa, kwa kuwa hivyo ndivyo magari ya mashindano yanavyoonekana. Kijana huyu amekwenda Naivasha kutazama Safari, ambayo tangu mwaka 2021 imerudi katika mashindano ya ubingwa wa dunia, naye amepita katika njia za mavumbi laini kama unga. Juma lililofuata anasafiri kwenda Limuru. Katika msongamano wa magari Westlands mshale wa joto umetulia katikati. Apitapo Kangemi na Uthiru bado umetulia. Afikapo Kinoo, barabara ikiendelea kupanda na yeye akikanyaga mafuta, mshale unainuka. Anapunguza mwendo, nao unashuka. Anakanyaga tena, unainuka tena.

Fundi wa kwanza aliyemwendea anamwambia, "Bwana, toa themostati hiyo, nchi hii haiihitaji, gari litapoa." Shauri hili husikika katika gereji nyingi za jua kali, nalo ni baya. Themostati ni mlango mdogo uliotiwa nta. Maji yakiwa ya baridi hujifunga, na yakiwa ya moto nta huvimba na kuufungua. Katika injini nyingi za Subaru huanza kufunguka kati ya digrii 76 na 80. Ikitolewa, injini haipati joto lake la kazi upesi, na kompyuta ya injini, kwa kuwa inaona baridi, huendelea kumwaga petroli nyingi kama ya alfajiri. Petroli ile huosha oili katika kuta za silinda, na injini huchakaa. Tena, njia ndogo ya kuzungushia maji bila kupita katika rejeta ambayo themostati huifunga ifungukapo, sasa hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto hurudi katika injini bila ya kupoa. Mtu ametoa kitu ili apate ubaridi, akaongeza joto siku ya kupanda mlima. Kama themostati ni mbovu, dawa ni kuweka nyingine iliyo ya asili, wala si ile ndogo ya bei rahisi ifananayo nayo kwa umbo tu.

Fundi wa pili hakushika spana kwanza. Aliuliza swali moja: "Huchemsha lini?" Na jibu la swali hilo ndilo nusu ya kazi yote. Gari lichemshalo likiwa limesimama katika msongamano, kisha likapoa likienda kwa kasi, lina ugonjwa wa feni: mota imekufa, fyuzi imeungua, au waya umekatika. Feni za umeme huanza kuzunguka maji yafikapo digrii 95 hivi, na mtu aweza kusimama mbele ya gari na kusikiliza. Gari lipoalo katika msongamano na kuchemsha mlimani au kwa kasi, kama lile la kijana, feni yake ni nzima. Tatizo lake ni kwamba hewa haipiti vya kutosha katika rejeta, ama maji hayapiti vya kutosha ndani yake. Na gari lichemshalo popote, huku maji yakipungua pasipo kuonekana yanapovujia, na mpira wa juu ukiwa mgumu kama jiwe asubuhi mara tu injini iwashwapo, linatia shaka kubwa juu ya gasketi ya hedi. Mapovu yasiyokoma katika tangi la akiba ni ushahidi mwingine wa hilo, maana ni moshi wa silinda unaopenya katika maji.

Basi katika gari la kijana walitazama njia ya hewa. Kati ya kile kipozahewa kinachong'aa na rejeta iliyo nyuma yake palikuwa na nafasi ya vidole viwili, na nafasi hiyo ilikuwa imejaa vumbi la Naivasha, majani makavu na mabawa ya wadudu, yote yakishikamana kama matope ya ukuta. Mtu aliyetazama kwa mbele hakuweza kuona kitu. Dawa yake ni maji ya mpira yasiyo na nguvu nyingi, yapigwe kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu urudi ulikotoka. Mashine za kuoshea magari kwa nguvu hazifai hapa, kwani hulaza vile vibati vyembamba na kuiziba rejeta kabisa.

Lakini uchafu haukuwa peke yake. Fundi aliyeweka kipozahewa alikuwa ameacha mianya pande zote mbili na juu. Hewa, kama maji ya mvua, hufuata njia iliyo rahisi. Ikiona mwanya kando ya rejeta haitajisumbua kupita katikati ya vibati. Mianya hiyo huzibwa kwa bati jembamba la alumini au kwa sponji ngumu, ili hewa yote iingiayo katika bampa isiwe na mahali pa kwenda ila kupita katika rejeta. Kazi hii huchukua nusu siku, na faida yake yaweza kuwa sawa na ya rejeta mpya. Mwisho, ile sahani ya plastiki iliyo chini ya injini haikuwapo. Aghalabu hupasuliwa na matuta na mashimo ya barabara, au huachwa gereji na fundi aliyeona uvivu wa kufunga skrubu zake. Wengi hudhani ni ya kuzuia matope tu. Kumbe gari liendapo kwa kasi, sahani hiyo huzuia hewa ya chini isijae ndani ya boneti, na kama hewa imejaa nyuma ya rejeta, ile ya mbele haina pa kupita.

Baada ya hayo yote kutengenezwa, kama joto bado linapanda, ndipo yafaa kufikiri juu ya rejeta nene ya alumini na kipozaoili. Kuanza na rejeta mpya kabla ya kuziba mianya ni kumwaga fedha.

Mshale na namba

Jambo moja lapaswa kujulikana na kila mwenye gari la Kijapani la miaka ya karibuni. Mshale wa joto umetengenezwa usimtie dereva wasiwasi. Maji yakiwa digrii 80 hukaa katikati, yakiwa 90 hukaa katikati, na katika magari mengi yakipita 100 bado huwa pale pale katikati. Uinukapo, hatari imekwisha kuwa karibu. Kwa gari la kawaida si neno, lakini kwa injini iliyoongezwa nguvu ni sawa na mlinzi anayeamka baada ya mwizi kuondoka. Dawa yake ni geji ya kweli yenye namba, au kile kifaa kidogo kichomekwacho katika tundu la uchunguzi chini ya usukani, kikatuma namba za kompyuta ya injini kwenye simu. Magari ya zamani yana matundu ya aina nyingine, na kwa hayo geji ni bora. Digrii 82 hadi 95 ni hali njema. Zikipita 105, mguu na upunguze mafuta. Zikifika 110, gari haliwezi tena kuendeshwa kwa nguvu, na dereva atafute mahali pa kusimama.

Hata namba zaweza kudanganya. Mpira ukipasuka na maji yote yakamwagika, kile kipima joto hubaki hewani, hakiguswi na maji, nacho chaweza kuonyesha joto linashuka wakati injini inaungua. Mashine ya hewa ya moto ndani ya gari ni shahidi mwaminifu zaidi: ikiwa imewashwa na ghafula ikaanza kupuliza baridi, maji hayafiki tena huko, na injini na izimwe mara moja.

Kama maji bado yamo, dereva na apunguze mwendo, azime kipozahewa cha ndani ya gari, afungue madirisha na kuwasha hewa ya moto kwa nguvu zote. Ni adhabu kwa abiria, lakini ile ni rejeta ndogo ya pili. Mshale ukikaribia alama nyekundu asisubiri kufika nyumbani. Injini ya Subaru ni ya alumini, silinda zake 4 zimelala mbili kila upande, na kila upande una hedi yake na gasketi yake. Alumini hutanuka karibu mara mbili kuliko chuma, na hedi iliyochomwa hujipinda hata ikiwa jicho halioni. Kilomita mbili za ukaidi kati ya Kinoo na Muguga zatosha kugeuza kazi ya mpira mmoja kuwa kazi ya injini nzima.

Na hapo barabarani ndipo watu huumia. Maji yaliyo digrii 110 chini ya kifuniko bado ni maji kwa sababu ya kifuniko tu. Kikifunguliwa Loresho, ambapo maji huchemka kwa digrii 94, gramu 30 hivi katika kila lita hugeuka mvuke papo hapo, nazo hujaza nafasi ya lita 60 hivi. Mvuke huo huyasukuma maji yaliyobaki juu kama chemchemi, usoni pa aliyeinama. Kitambaa mkononi hakizuii jambo hili. Kifuniko kisiguswe mpaka mpira wa juu wa rejeta uweze kushikwa kwa kiganja bila kuunguza, na hilo huchukua nusu saa au zaidi. Mtu akiungua, pale palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi yatiririkayo kwa dakika 20. Asipakwe mafuta, wala dawa ya meno, wala barafu, kisha apelekwe hospitali.

Kujaza maji upya

Visima vya kuchimbwa ni vingi katika mitaa ya magharibi ya Nairobi, na maji yake yana chumvi za ardhini zinazoacha magamba ndani ya rejeta kama yale yaonekanayo ndani ya birika. Rejeta na ijazwe kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, yale yauzwayo kwa ajili ya betri, lakini yasiwe asidi ya betri. Kulanti huzuia kutu, huhifadhi muhuri wa pampu, na huongeza digrii chache kabla ya maji kuchemka. Unga wa kuziba rejeta inayovuja, na yai bichi ambalo wengine hulisifu, huziba pia vijia vilivyo vizima. Njiani kwenye shida maji yoyote safi ni bora kuliko ukavu, mradi injini ipoe kwanza. Maji baridi yakimwagwa katika chuma cha moto huweza kukipasua.

Injini hii iliyolala hupenda kubakiza hewa ndani yake, na mtu ajazaye kwa haraka hudhani imejaa kumbe bado. Gari liegeshwe pua ikiwa juu, mlimani au juu ya mbao. Ile skrubu ya kutolea hewa iliyo juu ya rejeta ifunguliwe, na maji yamiminwe polepole kupitia tangi lililo juu kuliko yote, mpaka yatoke katika tundu la skrubu bila mapovu, kisha skrubu ifungwe. Injini iwashwe ikiwa na hewa ya moto imefunguliwa, mipira iminywe kwa mkono, na maji yaongezwe kila yashukapo. Vifuniko vikisha kufungwa, iachwe izunguke mpaka feni ziwake na kuzima mara mbili. Asubuhi ya pili, injini ikiwa baridi kabisa, kifuniko kifunguliwe tena na maji yatazamwe, kwa kuwa karibu kila mara yatakuwa yameshuka kidogo.